Plasta inaanza Jumatatu, fundi anasema nyaya za intaneti ni ushamba siku hizi kila kitu waifai. Nimsikilize?

Boma_la_Goba
Wakuu habari za jioni. Nina kiboma changu Goba, vyumba vinne na banda la uani, nimeshapaua na fundi umeme kashatindua kuta kalaza paipu za taa na soketi. Jana nikamwambia aongeze paipu za intaneti na kamera, akacheka kabisa, "bosi unatupa hela, nani anavuta nyaya siku hizi". Mama watoto yuko upande wake maana hela ya plasta yenyewe tumeidunduliza mwaka mzima. Nataka kamera nne, tivi mbili, na siku tatu kwa wiki nafanyia kazi nyumbani, vikao vya Zoom asubuhi mpaka jioni. Faiba imeshafika mtaani kwetu. Tofali ni za inchi 6, na juu ya jikoni kuna slabu. Kuna mtu alijuta huku au kule?

mama_kuku
Nilijuta mimi mwenzio. Nilimsikiliza fundi kama huyo wako, ruta ikakaa sebuleni, chumba cha mwisho ukiingia ukafunga mlango simu inarudi kwenye bando la mfukoni. Na hizo kamera "zisizo na waya" kaka usidanganyike, nyingi bado zinataka waya wa umeme ufike pale pale ilipo kamera, sasa kama ukuta unautoboa hata hivyo umeokoa nini? Mwisho nikapigiwa tranki nyeupe za plastiki za kufichia nyaya ukuta mzima, nyumba mpya lakini sebule inafanana na duka la wakala wa miamala. Rangi nimerudia mara mbili na bado zinaonekana

fundi_nyaya
Mkuu kazi hii ndo inanilisha kwa hiyo pima mwenyewe. Kisichohama mpe waya, unachotembea nacho mpe waifai. Kamera, tivi na meza yako ya kazi havihami. Simu na tableti za watoto waifai inatosha, tena ukiacha waya mmoja kwenye dari ya koridoo unafunga kifaa cha kusambaza waifai katikati ya nyumba, waifai ya masafa ya 5 GHz ina kasi ila ukuta wa tofali unaimaliza na slabu yenye nondo ndo kabisa, ya 2.4 inapenya zaidi ila ina kasi ndogo na majirani wote wako humo humo.

Sasa hivi hata waya usinunue kama hela imebana. Laza paipu za 25mm TU, mbali na za umeme usichanganye kwenye paipu moja, acha kamba ndani ya kuvutia baadaye, na midomo yote iziwe kwa mfuko au karatasi kabla ya plasta. Hapo kwenye midomo simama mwenyewe, nimeshafika saiti mota ya saruji imeganda ndani ya paipu kwenye kona tukatindua upya ukuta uliokwisha pakwa rangi.

Ukinunua waya wa mtandao chukua aina ya Cat6 ya kopa (shaba) tupu, boksi zima ni mita 305 na kipande kimoja kisizidi mita 100. Kwangua kwa wembe, ukiona weupe ndani hiyo ni aluminiamu imepakwa kopa, irudishe dukani. Kamera chukua za PoE, umeme na picha vinapita waya huo huo, yuu pii esi (betri ya akiba) moja pale kwenye swichi ya mtandao (sio ya taa, ni kile kiboksi zinapokutana nyaya zote) na umeme ukikatika zote nne zinaendelea kuona

kapeto
Mnamtisha mtu bure. Nyumba yangu vyumba viwili, ruta nimeiweka juu ya kabati koridoni, mwaka wa tatu huu sijavuta hata futi moja na mpira naangalia vizuri tu. Hela hiyo aweke gril.

fundi_nyaya
@kapeto kwa viwili uko sahihi kabisa, hata mimi ningekwambia hivyo hivyo. Yeye ana vinne, slabu na banda la uani. Na mkuu kwenda uani usizike waya wa kopa, radi ikipiga jirani inaweza kusafiri nao mpaka kwenye ruta, weka faiba ile haipitishi umeme

mama_kuku
Afu mwambie na panya. Mimi darini walikula waya wa kengele ya geti ukabaki kama mswaki

Boma_la_Goba
Asanteni sana. Nimempigia fundi nikamwambia paipu tupu na kamba, waya tutaona mwakani, kakubali ila kanuna. Mama watoto nimemwonyesha ile ya tranki za sebuleni akasema haya. Sasa anauliza, na ukutani nyuma ya kitanda tuache mdomo au?

mama_kuku
Acha miwili. Kitanda kitahama tu, kwani hujui wanawake