Kipimo cha kidole kimesoma 16: mtoto aanzishiwe dawa ya sumu ya madini ya risasi?

Nesi wa zahanati: Tunapima watoto wanaoishi jirani na karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za gari. Mmoja ana miaka 2, baba yake anafanya kazi humo. Kwa LeadCare II, mashine inayopima madini ya risasi (lead) kwenye damu, damu ya kidole imesoma mikrogramu 16 kwa desilita. Alitolewa mchangani akicheza, kidole kikapanguswa kwa pamba ya spiriti tu. Mama anaomba dawa.

Mtu wa maabara: Hiyo 16 usiiamini bado, wala usiipuuze. Spiriti inaua vijidudu, haiondoi risasi. Vumbi la ukuchani likiingia kwenye tone la damu, namba inapanda. Aoshwe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha zisuguliwe, akaushwe kwa karatasi safi, kisha asiguse kitu, hata gauni lake. Ndipo upake spiriti na kuiacha ikauke. Toboa ubavuni mwa kidole cha kati au cha pete, futa tone la kwanza, usikamue.

Ila huyu mtoe damu ya mshipa. Tumia kichupa cha EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), kile cha kifuniko cha zambarau, ukipindue taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo. Ikishika mabonge haifai tena.

Daktari wa watoto: Naafiki. Mwongozo wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani: kidole kikisoma 10 hadi 19, kipimo kirudiwe kwa damu ya mshipa ndani ya mwezi 1; 20 hadi 44, ndani ya wiki 2; 45 na zaidi, ndani ya saa 48. Dawa ya kutoa risasi mwilini WHO inaipendekeza kuanzia 45. Mama aelezwe hivyo bila kuzungusha: kwa 16, tiba ni kumwondolea mtoto vumbi. Nguo za kazi za baba zisivuke mlango, zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki, maana fagio kavu linalirusha vumbi hadi kitandani. Pimeni na wingi wa damu, kwani mtoto aliyepungukiwa madini chuma hufyonza risasi zaidi.

Nesi wa zahanati: Asante, daktari. Na jirani yake, ambaye mashine imeandika kiwango cha chini bila namba?

Mtu wa maabara: Mashine hiyo haisomi chini ya 3.3, kwa hiyo usimwandikie sifuri. Tena risasi ya damuni hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, nyingine ikajificha mifupani. Mtoto aliyekuwa kwa bibi yake likizo nzima anaweza kusoma chini, akarudi nyumbani ikapanda. Andikeni kwenye kadi alikotoka, na mumpime tena.