Majirani Mabatini, Mwanza: mitaro kabla ya vuli

Balozi Mashauri: Habari za jioni majirani. Jumamosi saa 1 asubuhi tunazibua mtaro mpaka kwenye karavati la barabarani. Mwenye koleo, sururu au toroli aje nalo.

Kabula: Shikamoo balozi. Tunaanzia huku juu?

Balozi Mashauri: Marahaba mwanangu. Fundi aseme.

Fundi Masalu: Tuanzie chini, karavatini, tupande. Tukianzia juu, tope tunalolilegeza linashuka lote kuziba karavati. Mvua ikinyesha usiku huo, maji yanaingia kwa wale wa bondeni.

Mama Neema: Na tope lisiachwe kingoni jamani, mvua ya kwanza tu inalirudisha mtaroni.

Fundi Masalu: Kweli mama. Liondoke siku hiyohiyo. Mchanga safi tuutenge, tujazie viroba vya milangoni.

Kabula: Kiroba kinajazwa kiasi gani?

Fundi Masalu: Kile cha kilo 50 jaza nusu tu. Kikijaa pomoni kinakuwa kigumu, hakilaliani na mwenzake, maji yanapita katikati. Mdomo ukunje uulalie kwa chini, uelekee maji yanakotokea. Safu ya pili ikalie maungio ya ile ya kwanza, kama unajenga tofali, na kila safu uikanyage ishindiliwe. Mlango wa mita 1, safu tatu, ni viroba 9 au 10, maana lazima vipite ukuta kidogo pande zote mbili.

Kabula: Tukiweka nondo mdomoni mwa karavati zizuie chupa na mifuko?

Fundi Masalu: Inawezekana. Nondo za milimita 12, nafasi ya sentimita 10 hadi 15, zilale mshazari ili taka zipande juu na maji yapite chini. Lakini chujio lisilo na wa kulisafisha linageuka bwawa. Kama hakuna zamu, bora lisiwepo kabisa.

Mwl. Paulo: Shikamoo balozi. Sisi wa mlimani maji hayatufikii. Na sisi tunachangia?

Mama Neema: Mwalimu, maji yanayotufikia yanatoka kwenu 🙏🏾

Fundi Masalu: Piga hesabu mwalimu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 40, paa moja linamwaga lita 2,400. Nyumba 30 ni lita 72,000. Na mlima wetu ni majabali, hayanywi maji.

Mwl. Paulo: Hapo nimekuelewa. Simtenki la lita 1,000 litasaidia?

Fundi Masalu: Likiwa tupu. Lililojaa halizuii kitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa "tahadhari", achilia maji siku moja kabla, taratibu, kwenye migomba. Bomba la kufurikia lielekee shimo la kokoto, mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi, mbali na choo. Na yale mawe mnayoyatupa korongoni, yapangeni mstari unaokata mteremko, usawa mpime kwa mpira mwangavu uliojaa maji. Mstari ukiinama upande mmoja, maji yanakusanyika hapo na kuchimba.

Kabula: Shemeji yuko Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Naye ajaze viroba?

Fundi Masalu: Havitamfaa. Mto wetu Mirongo unajaa na kupungua siku hiyohiyo, ziwa likipanda linakaa miezi. Mei 2020 lilipita hata kiwango chake cha juu cha 1964, na mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Nile pale Jinja. Viroba vinaoza kwa jua, maji yanapenya kwa chini. Huko dawa ni kutojenga ndani ya zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, za Sheria ya Mazingira ya 2004. Aliyekwishajenga apange mapema pa kuhamia.

Nesi Rehema: Naongezea. Choo kikifurika, hesabuni kisima cha jirani kimechafuka hata kama maji yanang'aa. Yaacheni yatulie, chujeni kwa kitambaa safi, kisha chemsheni mpaka yatokote dakika nzima. Kipindupindu hakisubiri. Na umeme: zima swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi. Ukishakuwa umesimama majini, usiiguse.

Balozi Mashauri: Asanteni. Chujio tutaweka. Zamu ni kaya mbili kila wiki, kulisafisha wakati maji yamepungua, si mtaro ukiwa unakimbia. Wiki ya kwanza nani?

Mwl. Paulo: Niandike mimi na jirani yangu wa juu.