Bibi anaenda Songea

Mama Mdogo (Mtwara): Habari za asubuhi jamani. Bibi anataka kwenda Songea wiki ijayo kumwona kaka yake. Tangu asikie Babu huyo ameanza kuketi kitandani bila kushikwa, hatulii. Nimpandishe nini?

Beno (Dar): Shikamoo Mama Mdogo. Ndege. Mtwara kuna uwanja, Songea kuna uwanja, ni saa moja tu angani.

Mama Mdogo: Marahaba baba. Hiyo ya Mtwara kwenda Songea moja kwa moja umeiona wapi? Lazima aje Dar kwanza.

Beno: Kweli. Nimepima kwenye ramani, ukinyoosha mstari ni kama kilomita 500. Akipitia Dar ni 400 kuja huku, halafu 580 kwenda Songea. Karibu mara mbili!

Mjomba (Songea): Na huko angani siyo penye kazi. Mtwara–Dar ni kama saa moja, Dar–Songea saa moja na nusu hivi. Kazi iko kwenye kuunganisha. Ikikosekana ya siku hiyo, analala Dar.

Beno: Kulala kwangu ni kulala nyumbani, Mjomba.

Mjomba: Sijakataa. Ila barabara nayo siku hizi ni lami mpaka huku. Mtwara–Masasi kama 200, Masasi–Tunduru kupitia Mangaka kama 190, Tunduru–Songea 260 na kitu. Basi likitoka saa 12 asubuhi, usiku mko Songea.

Neema: Shikamooni. Jamani miguu ya Bibi! Juzi katoka Lindi tu, jioni viatu havikuingia. Saa 12 kwenye kiti cha basi hapana, naomba sana.

Mama Mdogo: Nimemsomea yote. Katuma sauti hapo juu, kwa msio na bando nawaandikia. Anasema njia hiyo aliipita na mimba yangu, masika, juu ya lori la mizigo. Likanasa kwenye tope ng'ambo ya Tunduru, wakalala siku tatu, wenyeji wakawa wanawaletea mihogo ya kuchemsha. Anasema, "Nataka kuipita ikiwa lami, hata mara moja. Ndege nitapanda nikirudi."

Neema: 😭 Mimba yako Mama Mdogo! Hii sikuwahi kuisikia.

Mama Mdogo: Hata mimi ndiyo kwanza naisikia leo.

Festo (Masasi): Shikamooni wakubwa. Basi niachieni mimi. Jumatatu nakuja Mtwara kumchukua, analala kwangu Masasi. Jumanne tunaishia Tunduru. Jumatano mchana yuko kwa Babu. Kila saa nasimama anyooshe miguu, na giza halitukuti barabarani, maana upande wa Tunduru tembo huwa wanavuka.

Mjomba: Hapo umesema. Asante sana mwanangu.

Neema: Kiti cha mbele, na mto wa kuwekea miguu. Festo, usisahau mto.

Festo: Nimeandika dada.

Beno: Mimi nalipa tiketi ya kurudi, Songea–Dar na Dar–Mtwara. Nitaacha siku mbili katikati, akae na wajukuu.

Mjomba: Uwanja uko hapa Ruhuwiko, nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Mama Mdogo, mfungashie sweta na soksi nzito. Huku tuko juu zaidi ya mita 1,000, asubuhi baridi siyo ya Mtwara.

Mama Mdogo: Sweta analo la mwaka aliokuja huko kuzika. Nalifua leo.