Nimemaliza S6, nataka kusomea tiba kwa michezo na burudani. Nianzie wapi hapa Uganda?

BintiWaBombo aliuliza:

Habari zenu wakubwa.

Nimekulia kambini, baba yangu ni askari. Matokeo ya UACE, mtihani wa kumaliza S6, yametoka. Nilifanya Biolojia, Kemia na Jiografia, na zote nimefaulu, ingawa Kemia kwa shida.

Baba alijeruhiwa Somalia, akakatwa mguu chini ya goti. Aliporudi alitibiwa vizuri, akapewa mguu wa bandia, akafundishwa kuutembelea. Ila alikuwa haongei. Chakula anakula, akisalimiwa anaitikia, kisha anageukia ukuta. Kilichomrudisha kwetu ni voliboli ya kukaa chini. Pale kituoni kulikuwa na koplo aliyewapanga wagonjwa kwenye timu, na hakuwa akiwapanga ovyo. Baba alipokataa kucheza, hakumlazimisha. Alimpa kazi ya kuhesabu pointi. Baadaye akamwomba akae karibu na wavu “kwa muda tu, mwenzako amechoka”. Kila mchezo ukiisha, koplo anafungua daftari na kuandika. Nilimuuliza anaandika nini. Akasema anaandika nani amecheka, nani amegombana, nani leo amenyoosha mkono ambao jana hakuunyoosha. Ndiye aliyeniambia kwamba ng'ambo kuna watu wanaosomea kazi hiyo hadi digrii.

Tangu siku hiyo sitaki kitu kingine. Lakini atakayenisaidia karo ni baba mdogo, naye amesema nikasome unesi, kwa sababu “kucheza hakusomewi”. Nataka nimjibu kwa adabu nikiwa na la kumwambia. Je, hii ni kazi kweli? Hapa kwetu inasomewa wapi? Na mtu akishasoma anaajiriwa, au anabaki kujitolea tu?

MamaSwabra, Arua:

Mwanangu, baba yako mdogo anakutakia mema, usimwone adui. Nesi aliyesajiliwa anaweza kupata kazi wilaya yoyote. Mimi ni nesi, na wadi ya watoto nacheza nao sana, hakuna aliyenikataza. Pata kwanza cheti kitakachokulisha, hayo ya michezo utayaongeza humo humo ndani.

OT_Isingiro:

Mama Swabra, kwa heshima zote, kucheza na mtoto ili asiogope sindano ni jambo jema, nami naliunga mkono. Anachokiulizia binti huyu ni kitu kingine, na alishakitaja mwenyewe bila kujua: daftari la koplo.

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, hiyo tunayoiita OT. Nafanya kazi upande huu wa Isingiro, na wagonjwa wangu wengi ni wakimbizi wa Nakivale. Tiba ya burudani na OT ni ndugu. Sisi tunaanzia kwenye shughuli zote za maisha: kuoga, kupika, kuandika, kulima. Wao wanashika michezo, muziki, sanaa, bustani na mambo ya wakati wa mapumziko, na kuyafanya chombo cha matibabu. Hatua ni zilezile. Unampima mgonjwa, unaweka lengo, unapanga shughuli, unaifanya naye, kisha unapima tena uone kama kuna kilichobadilika. Ukiacha kupima mwanzoni na mwishoni, umemchangamsha mtu na si zaidi.

Nikupe mfano. Mzee wa Kikongo, kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu, na kila kilicho upande wa kulia anakisahau. Mpira wa mazoezi hautaki, anasema ni wa watoto. Tukaleta ubao wa omweso, bao letu la Uganda. Omweso una mashimo 32 na mbegu 64, na huwezi kucheza bila kuokota, kugawa moja moja, kuhesabu na kukumbuka. Tulianza na maharage makubwa kwa sababu vidole havikuweza kushika vidogo. Ubao nikauweka upande wa kulia, ili asipogeuka apoteze mbegu zake. Alipozoea kukaa tukapandisha meza, akawa anacheza amesimama. Mpinzani wake alikuwa jirani, si mimi, kwa sababu mimi nitaondoka na jirani atabaki. Anayepita njiani anaona wazee wawili wanabishana juu ya mbegu. Mimi naona bega, vidole, macho, usawa wa mwili, na mtu aliyekuwa amefichwa ndani sasa anakaa barazani.

Sasa mwambie baba yako mdogo kwamba kucheza kunasomewa hasa kwa sababu kucheza peke yake hakutoshi, na ushahidi umetoka hapa hapa Uganda. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa katika kambi mbili za waliohamishwa na vita karibu na Gulu, vijana 314 wa umri wa miaka 14 hadi 17. Kundi moja lilipata tiba ya mazungumzo ya kikundi, la pili michezo ya ubunifu, la tatu lilisubiri zamu. Tiba ya mazungumzo iliwapunguzia wasichana dalili za sonona kwa kiasi kikubwa. Michezo ya ubunifu haikuonyesha tofauti na kusubiri. Miaka kadhaa baadaye, Gulu tena, watafiti waliifuatilia ligi ya mpira ya watoto, na wavulana waliopangiwa ligi walionekana kuwa na dalili nyingi zaidi za huzuni kuliko wenzao ambao hawakupangiwa.

Nilipozisoma tafiti hizo niliumia, kwa sababu naipenda kazi hii. Lakini ndizo zinazonifanya niseme isomewe. Ligi ina mshindi na mshindwa. Kijana aliyekwisha kupoteza mengi ukimpeleka akashindwe mbele ya watu kila Jumamosi, unaweza kumwongezea mzigo. Koplo wa baba yako aliyaona hayo kwa akili yake mwenyewe, akamwanzishia kwenye pointi. Wewe nenda ukajifunze kwa nini alikuwa sahihi.

Tuje kwenye shule. Sijawahi kukutana na tangazo la kazi la Uganda lenye jina la tiba ya burudani, kwa hiyo usitafute jina, tafuta mlango. Ushauri wangu ni OT. Stashahada inafundishwa Mulago, na ukihitimu unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi. Kusajiliwa huko ndiko kunakokutofautisha na mtu wa kujitolea. Biolojia na Kemia zako zina kazi hapa, usizidharau. Mlango wa pili ni saikolojia ya jamii pale Makerere, kama moyo wako uko zaidi kwenye akili na vikundi kuliko kwenye misuli. Wa tatu ni Kyambogo, wenye kitivo kizima cha elimu maalumu na ukarabati, ukitaka kufanya kazi na watoto wenye ulemavu mashuleni. Vyote hivyo vinaheshimika, ila kwa ulichokieleza wewe naona OT ndiyo yako.

Kazi zipo Butabika kwa wagonjwa wa akili, zipo hospitali za rufaa za mikoa, zipo CoRSU Kisubi na Katalemwa kwa watoto wenye ulemavu, zipo kwenye mashirika yaliyoko kambi za wakimbizi. Kuhusu mashirika nitakuambia ukweli: mikataba hufuata wafadhili. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, wenzangu wazuri kabisa walirudi nyumbani. Ndiyo maana nasisitiza cheti kinachosajiliwa. Na Kiswahili chako ni mali. Makambini kuna Wakongo wengi, na mtaalamu anayeongea nao bila mkalimani hutafutwa.

NikoHalifax:

Mimi ni Mganda niliyesomea fani hii yenyewe, Kanada, katika Chuo Kikuu cha Dalhousie. Kwa hiyo ndiyo, ni digrii, na watu wanaajiriwa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, wengi wao wamepoteza kumbukumbu. Wazee wa huku Nova Scotia, jimbo niliko, wengine walikuwa wavuvi. Kuna asiyemkumbuka mwanawe, lakini ukimpa kamba mkononi anafunga fundo la nyavu bila kusita. Basi siku yake inajengwa kuanzia kwenye kamba ile, na wauguzi wanaona jioni hapigi kelele kama zamani. Napenda sana kazi hii.

Marekani utaratibu umekazwa zaidi. Unasoma digrii yenye masomo ya mwili wa binadamu, makuzi na magonjwa ya akili, unafanya mafunzo kazini saa 560 kwa wiki zisizopungua 14 chini ya mtu mwenye cheti, halafu unafanya mtihani wa baraza la taifa linaloitwa NCTRC. Ukifaulu unaitwa CTRS, yaani mtaalamu wa tiba ya burudani mwenye cheti, na cheti unakihuisha kila miaka 5. Wanaajiriwa na hospitali za maveterani, vituo vya ukarabati, hospitali za akili na nyumba za wazee.

Ila dada, nakusihi usiuze shamba la familia kuja huku moja kwa moja. Karo ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa mno, na digrii hii haina nafasi yake iliyotengwa nyumbani. Fuata alichosema OT wa Isingiro. Ukishakuwa na taaluma na uzoefu, unaweza kuomba ufadhili wa shahada ya pili.

Na kwa sababu baba ni askari, ongeza hili unapozungumza na mzee. Wakati wa vita kuu ya pili, daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Michezo aliifanya sehemu ya matibabu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, alipanga mashindano ya mishale kwa wanajeshi 16 waliojeruhiwa. Michezo ya Paralimpiki imetoka hapo.

BintiWaBombo:

Asanteni sana, nimesoma mara nyingi. Baba mdogo nimemsomea habari ya Gulu kwa sauti. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo wanajifunza mpaka wapi unaweza kumuumiza mtu?” Nikasema ndiyo. Sasa anataka kujua mambo mawili: stashahada ni miaka mingapi, na kama naweza kuiona kazi yenyewe kabla hajalipa shilingi yoyote.

Mama Swabra, sijakudharau. Kama OT itakataa, unesi nitauomba.

OT_Isingiro:

Ni miaka 3, na mafunzo ya wodini yamo ndani yake.

Kuiona kazi, nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, ulizia idara ya OT, mwombe mkuu wa idara kwa barua fupi ukae siku chache ukitazama. Nenda na nakala ya matokeo na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji chenu. Usiombe kusaidia, omba kutazama, kwa sababu wagonjwa wana siri zao na hujasajiliwa. Chukua daftari. Kila shughuli unayoiona, andika wanatafuta nini kwa mgonjwa yule, kisha mwulize mtaalamu kama umepatia. Baba mdogo akitaka kwenda nawe siku ya kwanza, mpeleke.

MamaSwabra, Arua:

Sijakasirika hata kidogo, mwanangu. Na barua hiyo kaipeleke wiki hii hii, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe ndipo uanze kukimbia.