Naomba ushauri: beji ya COP32 kwa kikundi cha mikoko, Msimbati

Salaam wadau. Kikundi cha wavuvi na watunza mikoko Msimbati, Mtwara, kinataka mjumbe mmoja afike COP32, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, Addis Ababa, 2027. Nauli itachangwa, shida ni beji. Kwenye ukumbi wa majadiliano huingii kwa kujisajili binafsi. Lazima uteuliwe na serikali yako au asasi yenye hadhi ya mtazamaji kwenye UNFCCC (mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa), na asasi hizo hugawiwa nafasi chache. Kuomba hadhi hiyo wenyewe kunadai cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa, kisha kungoja COP iidhinishe. Kwa kikundi cha kijiji, naona ni mzigo wa bure.

Je, tupitie kwa afisa mazingira wa halmashauri ili tuingie ujumbe wa Tanzania, au tuombe nafasi kwa asasi? Ujumbe wa serikali una itifaki yake, na sijui kama mwanakijiji ataruhusiwa kusema lake.

La pili, hoja. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilikata barabara ya Lindi–Dar pale Somanga. Tubebe hilo kwenye mjadala wa hasara na madhara (msaada kwa walioumizwa na mabadiliko ya tabianchi), au tubaki na fedha za kurejesha mikoko? Muda wa kuzungumza ni dakika mbili tatu, zote mbili hazitoshi.