Supu ya boga kwa wakwe wa Kijerumani: niongeze nini?

Binti_Same: Wakuu, naishi Stuttgart na mume wangu Mjerumani. Jumapili wakwe wanakuja kula, na vuli hii mama mkwe anaitaka Kürbissuppe, yaani supu ya boga. Nimepika boga la Hokkaido na ganda lake (halimenywi, linalainika), kitunguu, karoti, tangawizi, supu ya mboga, krimu na kungumanga. Nimesaga ikalainika, lakini ladha haijakaa sawa. Niongeze nini?

Mzee_wa_Futari: Tui la nazi! Bibi yangu Tanga alilipika boga kwa tui zito na iliki, watoto wa jirani wanajileta wenyewe.

KakaMkubwa: Mama mkwe unamhangaikia. Mama mzazi umempigia lini?

Dada_Bremen: Haijakaa sawa vipi? Chumvi?

Binti_Same: Uchungu kidogo, unabaki kooni. Nimeongeza sukari na krimu, unapungua. Mafuta ya mbegu za boga ya Steiermark, Austria, nimeshanunua, na mbegu za kukaanga za kunyunyizia juu.

Dada_Bremen: Boga la duka gani?

Binti_Same: Nimelima mwenyewe. Mbegu nilitunza za boga la mwaka jana. Jirani ana maboga ya mapambo ng'ambo ya uzio, ila langu limetoka rangi ya chungwa safi kabisa. Na wakwe wanajua ni la bustani yangu, siwezi kuwapikia la dukani.

Dada_Bremen: Mdogo wangu, mwaga. Huenda nyuki walichanganya chavua, mbegu zikarithi uchungu. Hiyo ni kukubitasini, sumu. Moto hauiondoi, sukari inaificha tu. Boga la mbegu za kutunza onja kipande kibichi kwanza. Likiwa chungu, tema.

Mpenda_Ushahidi: Hii chai. Akaunti mpya, mume Mzungu, boga lenye sumu. Leta picha.

Mzee_wa_Futari: Kweli, maboga nimekula maisha yangu yote.

Dada_Bremen: Mwaka 2015 hukuhuku Ujerumani mzee mmoja alikula zukini (jamii ya boga) chungu za bustani, akafia hospitalini. Binti, kuna aliyekula?

Binti_Same: Picha siweki, jikoni ni kwangu. Nimeonja tu.

Dada_Bremen: Na mumeo?

Binti_Same: Bakuli moja, mchana. Tumbo linamsokota, ila yeye huwa na gesi.

Dada_Bremen: Piga simu kituo cha sumu cha Freiburg sasa hivi, ndicho cha jimbo lenu. Akizidiwa, 112.

Binti_Same: Napiga. Sasa mama mkwe nimwambie nini?