Mrejesho: ile AFP ya baba mkubwa wa Kibaigwa

Wakuu habari, mwezi wa pili niliwauliza kuhusu baba mkubwa, ana uvimbe kwenye ini na AFP (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya ini) imesoma 1,240, je ndo basi tena? Sasa alipasuliwa, wakakata kipande cha ini. Daktari akasema uvimbe ukitoka wote AFP inapungua nusu kila siku 5 hadi 7 hivi, na kweli wiki ya nane imesoma 9, ile karatasi nimeikunja nimeiweka kwenye kava la simu. Ila akachukua FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) akapiga mstari wa kalamu chini ya nyutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, akagawa ya kwanza kwa ya pili akapata 4 na kitu, hapo ndo hajapapenda, maana limfosaiti ndo askari wa kupambana na saratani, wakiwa wachache hivyo inarudi kirahisi, japo hata maambukizi ya kawaida yanaipandisha hiyo namba kwa hiyo FBP itarudiwa. Hepatitisi B, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya ini, anayo, kaanza dawa. Na mahindi yenye ukungu mama mkubwa kayafukia, Dodoma hatujasahau sumukuvu (sumu ya ukungu inayoharibu ini) ya 2016, ye mzee bado ananuna eti chakula kimetupwa.